Bendi, DJ au Mwimbaji wa CD: Ulinganisho kwa Anayeandaa Sherehe Uganda

Kila kamati ya harusi, kila mwenye baa yenye jukwaa dogo na kila ofisi inayoandaa karamu ya mwisho wa mwaka nchini Uganda hufikia swali lile lile: tuite bendi au tuite DJ? Mara nyingi mweka hazina hulijibu kabla halijajadiliwa, kwa kuwa bendi ina watu wengi na DJ ni mmoja, na hesabu ya haraka huonekana kumaliza maneno. Naandika ulinganisho huu kwa sababu naamini hesabu hiyo huacha nje mambo yanayoamua kama wageni watafurahi au watachoka, na kwa sababu majibu ya kamati hizo, yakijumlishwa kwa miaka mingi, yamechangia sana kuamua ni bendi zipi zilizobaki hai nchini na zipi zilizokufa.

Nitangulize msimamo wangu ili msomaji aupime anapoendelea. DJ na bendi wanafanya kazi mbili tofauti, na kila mmoja ana saa yake katika usiku mmoja. Kinachostahili kuepukwa ni kitu cha tatu, ambacho watu wengi hukichagua bila hata kukitaja: mwimbaji anayepanda jukwaani peke yake na kuimba juu ya CD ya wimbo wake, sauti yake ya studio ikiwa tayari imo ndani ya spika. Huyo huwagharimu wenye sherehe fedha za kuona mtu, lakini muziki anaowaletea ni ule ule ambao DJ angeupiga bila yeye.

Namna DJ alivyoingia ukumbini

Katika Kampala ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, ukumbi wa dansi ulijulikana kwa bendi yake. Cranes Band ilikuwa miongoni mwa zilizotamba zaidi, na ilipogawanyika, baadhi ya wapigaji wake, akiwemo mpiga saksafoni Moses Matovu, walianzisha Afrigo Band mwaka 1975. Polisi, jeshi na magereza nao walikuwa na bendi zao, na wanamuziki wa Kongo waliopita Kampala wakielekea Nairobi waliacha mtindo wao wa magita katika vidole vya vijana wengi wa hapa. Bendi ilikuwa ajira: kijana alianza kwa kubeba ala, akakaa nyuma ya mpiga besi akimtazama, na siku mkubwa alipougua akapewa gita.

Mfumo huo haukuvunjwa na DJ. Ulivunjwa kwanza na hali ya nchi. Miaka ya Idi Amin na ile iliyoifuata ilifanya usiku kuwa wakati wa hatari, ala na nyaya za gita zikawa bidhaa adimu, na wanamuziki wenye uwezo wakatafuta maisha nje. Philly Bongole Lutaaya, aliyewahi kuwa Cranes, aliishia Sweden, na alikuwa tayari mtu wa ughaibuni aliporudi nyumbani kuwaambia Waganda wazi kwamba ana virusi vya UKIMWI, kabla ya kufariki Desemba 1989. Nchi ilipotulia baada ya 1986 na usiku ukawa soko tena, bendi zilizobaki zilikuwa chache na zimechoka, ilhali disko ilikuwa imejiandaa. DJ alihitaji mashine mbili za santuri, mikseri, amplifaya na spika. Hakuhitaji kuwatafuta watu waliotawanyika katika nchi nne.

Ndipo zikaja klabu kubwa. Ange Noir na baadaye Club Silk, zote mbili katika eneo la viwanda la Kampala, zilimfundisha kijana wa mjini namna mpya ya kutoka usiku: taa, sauti nzito isiyokatika, na muziki wa Marekani, Jamaika na Kongo unaofuatana bila mapumziko. Katika upande huo huo wa mji, Club Obligatto kwenye barabara ya Old Port Bell ilikuwa makao ya Afrigo kwa miaka mingi, na mtu aliyetoka nyumbani Ijumaa aliweza kuchagua kati ya dunia hizo mbili bila kwenda mbali. Jambo hili linanipa moyo kila ninapolifikiria, kwa sababu linaonyesha kwamba bendi na disko viliweza kuishi jirani kwa muda mrefu, kila kimoja na watu wake.

Pigo kubwa zaidi lilitoka hewani. Redio binafsi ziliporuhusiwa, Radio Sanyu ilianza kurusha matangazo mwishoni mwa 1993, Capital Radio ikafuata mara moja, na CBS ikaja 1996 kwa Kiganda. Kuanzia hapo wimbo ulipata umaarufu kwa kurekodiwa studio na kupigwa redioni, wala si kwa kupigwa ukumbini wiki hadi wiki mpaka watu waujue. Watangazaji wengi walikuwa pia ma-DJ wa klabu, kwa hiyo aliyeamua kinachosikika mchana ndiye aliyeamua kinachochezwa usiku. Kizazi kipya cha waimbaji kilitoka katika mlango huo. Jose Chameleone, kwa mfano, alianzia katikati ya miaka ya 1990 kwenye klabu ya Missouri jijini Kampala, akiwa na maikrofoni ya mshereheshaji na mashine za DJ, na hakupitia uanagenzi wa bendi. Mwimbaji wa namna hiyo hakuhitaji mpiga besi ili awe nyota. Alihitaji mtayarishaji mwenye kompyuta, na alipoitwa kutumbuiza alibeba CD.

Waandaaji wa shoo waligundua haraka kwamba kwa CD wanaweza kupandisha waimbaji kumi au zaidi usiku mmoja, kila mmoja nyimbo tatu, bila kubadilisha hata waya mmoja jukwaani. Hapo ndipo mpiga gita alipokosa kazi. DJ alikuwa amechukua saa za kucheza, jambo ambalo bendi ingeweza kulivumilia. Mwimbaji wa CD alichukua jukwaa lenyewe.

Gharama: namna ya kuhesabu kwa haki

Bendi kamili ya dansi nchini Uganda huwa na watu 8 hadi 12, ukihesabu waimbaji, magita mawili au matatu, kinanda, drams na upulizaji wa saksafoni au tarumbeta pale unapopatikana. DJ huja na msaidizi mmoja au wawili. Kwa hiyo bei ya bendi kuwa mara kadhaa ya bei ya DJ si ulafi, kwani fedha hiyo hugawanywa kwa vichwa vingi, na ndani yake kuna siku za mazoezi ambazo mteja hazioni.

Saa za kazi pia hazifanani. DJ anaweza kupiga tangu wageni wanapoanza kuingia saa nane mchana hadi usiku wa manane, ilhali bendi hupiga kwa vipindi vya dakika 45 hadi saa moja na kupumzika katikati, na jumla ya muziki wake katika usiku mmoja haizidi saa tatu au nne. Anayegawa bei kwa saa ataona DJ ni nafuu mno, na kwa hesabu hiyo atakuwa sahihi. Hata hivyo, hakuna sherehe ambayo saa zake zote zina uzito mmoja. Saa ambazo wageni wanakula, wanatafuta viti na kusalimiana zinaweza kujazwa na muziki wowote wa upole. Saa ambayo bwana na bibi harusi wanaingia, au ambayo mzee wa ukoo anasimama kucheza, ni saa nyingine kabisa, na kuipima kwa bei ya saa ya chakula ni kuipunja.

Kuna gharama nyingine ambazo hujitokeza siku ya mwisho na kuharibu urafiki. DJ wengi huja na mitambo yao. Bendi nyingi huja na ala tu, na hutegemea mwandalizi akodishe mitambo yenye mikseri kubwa ya kutosha, maana drams peke yake huweza kuchukua maikrofoni tano au sita, na bendi ya watu wanane hujaza chaneli 16 hadi 24 kwa urahisi. Inahitaji pia jenereta inayostahimili mzigo huo, fundi mitambo anayejua kazi yake, na jukwaa ambalo kwa uzoefu wa wengi halipaswi kupungua mita 6 kwa 4. Kamati isiyoyajua haya husema bendi ilipiga vibaya, wakati bendi haikusikika kwa sababu ilichomekwa kwenye mikseri ya chaneli nane iliyoletwa kwa ajili ya hotuba.

Nitoe tahadhari moja kwa wanaopunguziwa bei. Bendi inapokubali nusu ya malipo, mara nyingi hupunguza watu: drams hubaki nyumbani, mpiga kinanda akabonyeza mdundo uliotayarishwa, na waimbaji wawili wakaimba juu yake. Hiyo ni CD kwa jina jingine. Uliza ni watu wangapi watakaopanda jukwaani na kila mmoja anapiga nini, kisha uandike.

Sauti, jirani na paa la mabati

Katika ukumbi mdogo wenye paa la mabati na kuta tupu, bendi yenye drams ni mzigo. Mpiga drams hawezi kupunguza sauti yake chini ya kiwango fulani bila kuua mdundo, na wengine wote hulazimika kumfuata kwa kuongeza spika, hadi wageni wa meza za mbele washindwe kuzungumza. DJ ana kitufe. Anaweza kupiga kwa sauti ya mazungumzo wakati wa chakula, akapandisha baadaye, na jirani akilalamika anashusha papo hapo. Kwa ukumbi wa namna hiyo DJ ni bora, isipokuwa kama mwandalizi yuko tayari kufikiria bendi ya aina nyingine.

Na hapa ndipo ninapopenda kukaa kidogo, kwa sababu watu hudhani bendi ni lazima iwe magita ya umeme. Kundi la adungu la watu wanne au watano kutoka West Nile au Acholi, lenye adungu (kinubi cha nyuzi) ndogo, za kati na ile kubwa ya besi, hujaza ukumbi wa watu 100 kwa maikrofoni tatu au nne, na linaweza kucheza hata umeme ukikatika. Linaingia katika gari dogo la abiria pamoja na ala zake. Sauti yake haigombani na mazungumzo, na ma-DJ wenyewe hulipenda kwa sababu linawaachia nafasi ya kupanda baadaye. Ssewa Ssewa na Janzi Band yake wameisogeza njia hii mbele zaidi kwa kutumia janzi, chombo cha nyuzi alichokibuni kutokana na adungu, na wakathibitisha kwamba ala ya nyumbani inaweza kukaa katikati ya bendi ya kisasa bila kuonekana mgeni. Anayelinganisha bei ya DJ na bei ya bendi kubwa ya umeme peke yake analinganisha ncha mbili na kuacha kila kilichopo katikati.

Nani anawasoma wageni vizuri zaidi

Harusi ya Kampala ya leo huwa na wageni kutoka Mbale, Gulu, Mbarara na Arua, na mara nyingi mashemeji kutoka Nairobi au Mwanza. Kila kundi linangoja wimbo wake. DJ mzuri ana nyimbo zote hizo katika kompyuta moja: anaanza na Afrigo kwa ajili ya wazee, anapita kwa Paulo Kafeero, anageukia Kongo, anawakumbuka mashemeji wa Nairobi na Mwanza, na kufikia saa nne usiku yuko kwenye amapiano ya Afrika Kusini na vijana wote wako uwanjani. Hakuna bendi yenye orodha hiyo. Bendi nzuri huwa na nyimbo 40 hadi 60 zilizofanyiwa mazoezi, na ikiombwa wimbo isioujua, itaupiga kwa kukisia. Katika upana, DJ anashinda wazi, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Lakini kusoma wageni kuna maana ya pili. Bendi ikiona shangazi wa bwana harusi ameinuka na kuanza kucheza, inarudia kiitikio mara nne zaidi, inamtaja jina, inapunguza magita ili vigelegele visikike, kisha inampandishia mdundo anapogeuka. Wageni wakichelewa kuingia, inaurefusha wimbo wa maandamano mpaka wa mwisho aketi. Mgeni mwenye sauti akitaka kuimba, mpiga kinanda anamtafutia ufunguo wake. DJ hawezi kuurefusha ubeti ambao haukurekodiwa. Anaweza kuurudisha wimbo nyuma au kuchanganya wimbo mwingine juu yake, na walio hodari hufanya hivyo kwa ustadi wa kustaajabisha, lakini shangazi hatajisikia kwamba wimbo ulipigwa kwa ajili yake.

Mwimbaji wa CD anashindwa katika pande zote mbili. Hana upana wa DJ, kwa sababu ana nyimbo zake tatu. Hana wepesi wa bendi, kwa sababu CD haimsubiri. Akisahau ubeti, spika inaendelea kuimba, na ukumbi mzima unaona. Anachokileta ni sura inayojulikana na picha za simu, na kwa baadhi ya sherehe hilo lina thamani yake, hasa pale familia inapompenda mwimbaji huyo kwa dhati. Basi na alipwe kwa kuwepo kwake, na kamati ijue kwamba ndicho ilichonunua. Ni vizuri zaidi kumuuliza kama yuko tayari kuimba na bendi itakayokuwepo. Waimbaji wakubwa wa Uganda wamekuwa wakifanya matamasha yao muhimu na bendi kwa miaka mingi sasa, na nyimbo zao zinajulikana kwa wapigaji wa kukodi.

Kwanjula ni sherehe ya pekee

Kwanjula, sherehe ya Kiganda ya utambulisho na posa kabla ya harusi, haifanani na harusi ya ukumbini, na makosa mengi ya uchaguzi hutokea hapa. Ni majibizano kati ya pande mbili, wasemaji wakirushiana maneno ya kuchekesha na ya heshima, mabinti wakiingia kwa makundi, vikapu vikipokelewa, na muziki ukitakiwa kuingia na kutoka kwa sekunde chache chache, mara nyingi kwa ishara ya msemaji tu. Bendi kubwa ya umeme hapa hukaa saa nzima bila kazi, kisha hupiga wimbo mrefu wakati ambapo kilichohitajika ni beti mbili. DJ mwenye uzoefu wa kwanjula anafaa zaidi, ilimradi awe na nyimbo za kila kundi linaloingia na awe amezungumza na wasemaji siku moja kabla.

Pamoja na hayo, kwanjula bila ngoma hai inapoteza kitu ambacho spika haikirudishi. Kundi dogo la wapiga ngoma na wachezaji wa Kiganda, au wa kabila la upande wa bibi harusi, lipewe nafasi mbili tu: kuingia kwa mabinti na kupokelewa kwa wageni. Ndere Troupe, lililoanzishwa 1984, limethibitisha kwa miongo minne kwamba Waganda wa kila umri hulipia kuona ngoma zao zikipigwa vizuri, na makundi mengi madogo yaliyojifunza kwa mfano huo hupatikana karibu katika kila wilaya kwa bei ambayo kamati ya kawaida inaimudu.

Pale DJ alipozaa muziki mpya

Ulinganisho huu ungekuwa na upendeleo kama ungemwonyesha DJ kama mtu anayechukua tu. Kaskazini mwa nchi, vita vya waasi wa LRA viliyumbisha maisha ya Waacholi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 2000, na familia nyingi zikashindwa kukusanya na kulisha kundi zima la larakaraka, ngoma ya harusi na uchumba ambayo huhitaji watu wengi wanaogonga vibuyu kwa spoki za baiskeli. Watayarishaji kama Leo Palayeng waliuhamishia mdundo huo katika kompyuta, na Otim Alpha akaimba juu yake harusini. Mkusanyiko wa kazi zake uliotolewa 2017 na lebo ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala uliusikizisha muziki huo Ulaya na Marekani. Hapo mashine iliokoa sherehe ambayo vinginevyo ingekosa muziki wake, na mtu anayeilaumu angepaswa kueleza maharusi wa kambi za waliokimbia vita wangecheza nini.

Tamasha la Nyege Nyege, lililoanza 2015 karibu na Jinja, limeendeleza ukoo huo. Limewainua ma-DJ wanawake kama Kampire, wakifuata nyayo za DJ Rachael, aliyeanza miaka ya 1990 wakati kazi hiyo ilionekana kuwa ya wanaume tu. Limewapa pia majukwaa wapigaji ambao klabu za Kampala hazikuwahi kuwaita. Nihiloxica waliunganisha wapiga ngoma wa Kiganda na mashine za elektroniki. Kundi la Nakibembe kutoka Busoga, ambalo watu kadhaa hukaa kuzunguka marimba moja kubwa ya embaire iliyowekwa juu ya shimo lililochimbwa ili kuikuza sauti, lilitoa albamu 2023 kupitia lebo hiyo hiyo. Wasikilizaji walioifuata midundo ya DJ hadi Jinja ndio waliojikuta wakisimama mbele ya embaire.

Tofauti kati ya mfano huu na ule wa CD ni kwamba hapa mpigaji anabaki jukwaani na analipwa. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia ninapoulizwa kama teknolojia fulani inaua bendi au inailea.

Kuna mfereji mwingine ambao ungeweza kumfanya DJ kuwa mlezi wa bendi moja kwa moja, nao ni mirabaha. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 na chama cha UPRS, kilichoanzishwa 1985, chenye kazi ya kukusanya malipo kutoka sehemu zinazopiga muziki hadharani. Kila baa inayolipa ada hiyo na kila DJ anayeweka orodha ya nyimbo alizopiga humfanya mtunzi apate kitu kwa wimbo wake kuchezwa. Mwenye baa anayelinganisha gharama aiweke ada hiyo katika hesabu ya DJ tangu mwanzo, maana ni sehemu ya bei yake halali.

Mwenye baa achague vipi

Anayeandaa sherehe ya siku moja huchagua mara moja. Mwenye baa huchagua kila wiki, na kwake matokeo hujilimbikiza. Klabu na baa zilifungwa kwa ajili ya UVIKO kuanzia Machi 2020 na hazikufunguliwa hadi 24 Januari 2022. Katika miezi hiyo, DJ aliweza kupiga kutoka chumbani mwake kupitia televisheni au intaneti, lakini bendi ya watu wanane haikuweza hata kufanya mazoezi. Milango ilipofunguliwa, wenye baa wengi walirudi na DJ kwa sababu ndiye aliyekuwa tayari, na bendi ikaonekana kama anasa ya kurejeshwa baadaye.

Kwa baa ambayo wateja wake huja kucheza baada ya saa tano usiku, ushauri wangu ni DJ, na fedha inayobaki iwekwe katika spika nzuri. Kwa baa ambayo wateja huja kula, kunywa taratibu na kuondoka kabla ya saa sita, bendi ndogo ya watu wanne, yenye gita, besi, ngoma nyepesi na mwimbaji, usiku mmoja ule ule kila wiki, hujenga kitu ambacho DJ hawezi kukijenga kwa urahisi: watu wanaokuja kwa ajili ya bendi hiyo. DJ mzuri anapatikana Kololo, Ntinda na Kabalagala, na mteja hana sababu ya kuja kwako hasa. Bendi yako ni yako. Qwela Band na nyingine za kizazi chake zilijipatia wapenzi kwa njia hiyo, kwa kuonekana mahali palipojulikana mpaka watu wakazoea kuzitafuta. Mwenye baa avumilie miezi kadhaa, asihukumu kwa Alhamisi tatu za kwanza.

Kwa harusi ya ukumbini yenye wageni zaidi ya 200 na bajeti ya wastani, chagua bendi ya watu watano au sita kuanzia kuingia kwa maharusi hadi mwisho wa kukata keki, kisha DJ hadi kufunga. Nimeuona mpangilio huu ukifanya kazi vizuri kuliko bendi kubwa peke yake, ambayo huchosha bajeti, na kuliko DJ peke yake, ambaye huwaacha wazee bila kitu cha kukumbuka. Ikiwa fedha inatosha kimoja tu na wageni wengi ni vijana, chukua DJ bila kujilaumu. Ikiwa wengi ni watu wazima na muda ni mfupi, chukua bendi. Kwa karamu ya ofisi yenye hotuba nyingi, DJ na kundi la adungu hutosha, na bendi ya umeme itasumbua zaidi ya kusaidia.

Vyovyote utakavyochagua, andika makubaliano kwenye karatasi: saa ya kufika, saa ya kuanza, idadi ya watu, ni nani anayeleta mitambo na jenereta, na malipo ya awali ni kiasi gani. Unapowachukua wote wawili, hakikisha wanatumia mitambo ya mtoa huduma mmoja na fundi mmoja, kwa sababu seti mbili za spika katika ukumbi mmoja huleta ugomvi wa nani azime. Bendi ipewe saa mbili za kupima sauti kabla ya mgeni wa kwanza kuingia, na DJ apewe chaneli yake kwenye mikseri ile ile ili abadilishane na bendi bila ukimya. Wapigaji wapewe chakula wakati mmoja na wageni. Na salio lilipwe usiku huo huo, mikononi mwa kiongozi wa bendi, mbele ya angalau mpigaji mwingine mmoja.